Rubani wa Beaufort

Mwaka 1882 wakubwa wa jimbo la South Carolina, Marekani, walitunga sheria ya uchaguzi ambayo, ukiisoma juu juu, huoni ubaya wake. Ilitaka kila kituo cha kupigia kura kiwe na masanduku manane, kila sanduku na cheo chake: la gavana peke yake, la mbunge wa kwenda Washington peke yake, na mengine hivyo hivyo. Mpiga kura alitakiwa kutumbukiza kila karatasi katika sanduku lake, na akikosea, kura hiyo imeharibika. Masanduku yalikuwa na maandishi. Asiyejua kusoma angeweza kuelekezwa na mwenzake aliyetangulia, kwamba sanduku la mbunge ni la tatu kutoka kushoto. Ndiyo maana wasimamizi walikuwa wakiyahamisha masanduku katikati ya siku, na mtu aliyefika mchana akapotea.

Waliokusudiwa ni weusi. Miaka 17 tu kabla yake wengi wao walikuwa watumwa, katika jimbo ambalo sheria yake ilikataza mtumwa kufundishwa kusoma. Baada ya kuwazuia wasijue herufi, sasa walinyimwa kura kwa sababu hawazijui herufi.

Katika ukanda wa pwani wa jimbo hilo, mtu aliyewasumbua watunga sheria hao kuliko wengine alikuwa mbunge mweusi aitwaye Robert Smalls. Vitabu vingi humkumbuka kwa alfajiri moja ya Mei 1862. Nitaisimulia, maana inastahili kusimuliwa kila mara. Lakini kwangu mimi, kazi yake kubwa ni ile iliyofuata, ya zaidi ya miaka 30 ya kupigania shule na kura, na ndiyo iliyomgharimu zaidi.

Alizaliwa tarehe 5 Aprili 1839 katika mji mdogo wa Beaufort, kwenye kibanda cha watumwa nyuma ya nyumba ya Henry McKee, Mtaa wa Prince. Mama yake, Lydia Polite, alikuwa mtumishi wa ndani, naye alikuwa ametolewa shambani kwenye kisiwa cha jirani akiwa bado mtoto. Baba yake hakutajwa rasmi; watu waliamini ni mzungu, na wengi walimnyooshea kidole McKee mwenyewe. Mtoto akalelewa kwa upendeleo. Lydia akaingiwa na hofu kwamba mwanawe atakua bila kujua yeye ni nani, basi akamchukua akaone kwa macho yake watumwa wakipigwa mijeledi na wakiuzwa mnadani. Naona mafunzo ya siasa ya Robert Smalls yalianzia hapo, kwa mwanamke ambaye hakuwa na haki hata ya kumwita mwanawe wake.

Alipofika miaka 12 alipelekwa Charleston kukodishwa. Ndivyo utumwa wa mijini ulivyokwenda: mtumwa anafanya kazi kwa watu, ujira unakwenda kwa bwana wake, na yeye anaachiwa kidogo. Smalls aliachiwa dola moja kwa wiki. Alihudumu hotelini, akawasha taa za barabarani, kisha akateremka bandarini na hapo ndipo alipokutana na riziki yake. Alibeba mizigo gatini, akafunga kamba za milingoti, akashona matanga, na mwisho akapewa usukani. Alizijua njia za maji kati ya Charleston na Beaufort zote: mafungu ya mchanga yako wapi, mkondo unavuta vipi maji yakijaa na yakipwa. Kazi yake ilikuwa ya rubani kabisa. Cheo cha rubani, hata hivyo, hakikupewa mtu mweusi. Yeye aliitwa mshika usukani tu.

Akiwa na miaka 17 alimwoa Hannah Jones, mtumishi wa hotelini aliyemzidi umri. Walipopata binti, Smalls alikwenda kwa bwana wa Hannah kuomba awanunue mkewe na mtoto wake. Bei ilipangwa dola 800. Kufikia vita alikuwa amejikusanyia dola 100.

Vita vya Wenyewe kwa Wenyewe vilianza hapo hapo bandarini, Aprili 1861, majeshi ya majimbo ya Kusini yaliyojitenga yalipoipiga mizinga ngome ya Sumter. Mwezi Novemba mwaka huo manowari za Muungano, yaani upande wa Kaskazini, ziliteka Port Royal na visiwa vilivyozunguka Beaufort. Wazungu wa huko wakakimbia wakaacha mashamba na maelfu ya watumwa. Sasa uhuru ulikuwa maili chache tu nje ya bandari ya Charleston, mahali manowari za Kaskazini zilipotia nanga kufunga njia. Naye Smalls alikuwa kwenye usukani wa Planter, meli ya mvuke iliyojengwa kubebea pamba na ambayo jeshi la Kusini lilikuwa limeikodi kubeba askari na silaha. Ilipita hata kwenye maji ya kina kifupi, na kwa ajili hiyo ilikuwa na thamani kubwa.

Tarehe 12 Mei 1862 Planter ilirudi kutoka kisiwa cha Coles, ambako jeshi la Kusini lilikuwa likivunja kambi. Ndani yake ilikuwa na mizinga minne ya kupeleka kwenye ngome za bandari, mbali na miwili yake yenyewe, pamoja na baruti. Usiku huo maofisa watatu wazungu walishuka kwenda kulala mjini, kinyume cha amri. Smalls na wenzake walikuwa wakiingojea nafasi hiyo kwa wiki kadhaa. Walikuwa wamekwisha kula kiapo: hawatakamatwa hai, mambo yakiharibika wataizamisha meli wakiwa ndani. Hannah alipoelezwa hatari yake, inasimuliwa alimjibu mumewe kwamba atakapofia yeye naye atafia hapo hapo.

Yapata saa tisa usiku waliwasha tanuri, wakapandisha bendera ya Kusini na kung'oa nanga. Hawakwenda kwanza baharini. Walikwenda kwenye gati jingine, ambako wake na watoto wao walikuwa wamefichwa. Hapo nadhani ndipo moyo wa kisa hiki ulipo, kwa sababu kila dakika waliyoitumia kupakia wanawake na watoto ilikuwa dakika ya kukaribia mapambazuko. Walipokamilika walikuwa watu 16: wanaume wanane, wanawake watano na watoto watatu.

Smalls alivaa koti la nahodha na kofia yake pana ya majani, akasimama mahali nahodha Relyea alipozoea kusimama, akiiga hata mkao wake. Kwenye kila ngome alitoa ishara iliyotakiwa. Mbele ya Sumter, mbingu ikianza kuwa nyeupe, alivuta kamba ya king'ora: milio miwili mirefu na mmoja mfupi. Mlinzi akaruhusu. Mwendo hawakuuongeza, maana meli inayokimbia hutiliwa shaka; walikwenda taratibu mpaka mizinga ya Sumter isiweze tena kuwafikia, kisha wakateremsha bendera na kupandisha shuka nyeupe aliyokuja nayo Hannah.

Manowari ya kwanza waliyoikuta, Onward, ilikuwa imekwisha kuwaelekezea mizinga. Shuka ilionekana kwa tabu katika ukungu. Ilipotambulika, na watu wakaanza kulia, kucheza na kuimba juu ya sitaha, Smalls alivua kofia akamsalimu nahodha wa Kaskazini kwa heshima, akamwambia amemletea mizinga ya serikali ya Marekani. Alikuwa na miaka 23.

Alileta zaidi ya mizinga. Alileta kitabu cha ishara za siri, na kichwani mwake alibeba habari za mabomu yaliyotegwa majini na za kambi ya Coles iliyoachwa wazi. Siku chache baadaye Muungano uliingia huko bila vita. Kwa sheria iliyotiwa saini na Rais Lincoln tarehe 30 Mei, mabaharia hao walipewa nusu ya thamani ya meli. Waliokadiria waliishusha bei, na fungu la Smalls likawa dola 1,500. Zilikuwa fedha nyingi kwa mtu aliyekuwa akipokea dola moja kwa wiki, lakini hazikulingana na alichokileta, na suala hilo lilikuja kulisumbua Bunge kwa miaka 38.

Agosti mwaka huo alikwenda Washington pamoja na mchungaji Mansfield French kumwona Waziri wa Vita, Edwin Stanton. Kaskazini bado ilisitasita kuwapa weusi bunduki. Tarehe 25 Agosti Stanton alitoa kibali cha kuandikisha askari weusi hadi 5,000 huko Port Royal. Sababu zilikuwa nyingi na watu waliolidai jambo hilo walikuwa wengi, lakini mfano wa Planter ulikuwa mezani, na mwenye mfano huo alikuwa amekuja mwenyewe.

Aliirudia bahari kama rubani wa Muungano. Alikuwa kwenye manowari ya chuma Keokuk, Aprili 1863, ilipopigwa makombora yapatayo 90 mbele ya Sumter na kuzama kesho yake. Desemba mwaka huo, Planter iliposhambuliwa ndani ya mlango wa maji karibu na kisiwa cha Folly, nahodha wake mzungu alitaka kusalimu amri, kisha akajificha kwenye ghala la makaa. Smalls alikataa. Alijua kwamba nahodha angefanywa mateka, lakini mabaharia weusi wangeuawa au kurudishwa utumwani. Akashika usukani akaitoa meli chini ya risasi, na baada ya hapo akapewa unahodha wake.

Mwaka 1864 Planter ilipelekwa Philadelphia kutengenezwa. Kwa miezi kadhaa Smalls hakuwa na kazi nyingi, akaajiri walimu. Mtu aliyepita kati ya ngome za adui kwa ishara za siri alikuwa hajui kusoma. Alfabeti aliianza akiwa na miaka 25. Katika mji huo huo, kondakta wa tramu ya farasi alimwambia asikae ndani, asimame kwenye kibaraza cha nje pamoja na weusi wengine. Alishuka akatembea kwa miguu. Habari ikaenea, watu wakaudhika kwamba shujaa wa vita ametendwa hivyo, na kisa chake kikawa hoja katika kampeni iliyoishia kwa sheria ya mwaka 1867 ya kuondoa ubaguzi kwenye tramu za Pennsylvania.

Aliporudi Beaufort alirudi kwa namna yake. Serikali ilikuwa ikinadi nyumba za waliokimbia bila kulipa kodi, naye akainunua ile nyumba ya Mtaa wa Prince ambayo nyuma yake alizaliwa. Mwenye nyumba wa awali alimshtaki, kesi ikapanda hadi Mahakama Kuu ya Marekani, na Smalls akashinda. Hukumu hiyo iliwalinda na wengine walionunua kwa njia ile ile. Mama yake alihamia humo. Wenyeji husimulia pia kwamba mke wa McKee, akiwa mzee na akili zimempotea, aliingia siku moja akidhani bado ni kwake, na Smalls akaamuru ahudumiwe katika chumba chake cha zamani.

Januari 1868 wajumbe 124 walikutana Charleston kuandika katiba mpya ya South Carolina. Sabini na sita kati yao walikuwa weusi. Jambo la namna hiyo halikuwa limewahi kuonekana katika nchi ile. Smalls alipeleka hoja kwamba jimbo lianzishe shule za bure zilizo wazi kwa watoto wote, na kwamba kusoma kuwe lazima. Katiba iliyotoka ilizitaja shule hizo, ikataja hata umri, miaka 6 hadi 16. Kabla ya hapo jimbo hilo halikuwa na mpango wa kweli wa elimu ya umma hata kwa wazungu maskini. Mara nyingi husahauliwa kwamba mtoto wa mkulima mzungu asiye na kitu alifunguliwa mlango wa darasa na watu waliokuwa watumwa.

Akachaguliwa bunge la jimbo mwaka 1868, seneti ya jimbo mwaka 1870, na mwaka 1874 akachaguliwa kwenda Washington. Chama chake, Republican cha siku zile, kilikuwa chama cha Lincoln, na huko pwani ambako weusi walikuwa wengi mno kuliko wazungu kilikuwa na nguvu. Alizungumza Kigullah, lugha ya watu wa visiwani, na kwenye mikutano walimsikiliza kama ndugu yao. Alipendekeza jeshi liache kutenganisha askari kwa rangi. Hoja yake haikufika mbali.

Julai 1876, katika mji wa Hamburg huko huko South Carolina, wazungu wenye silaha waliwazingira wanamgambo weusi na kuwaua watu sita, baadhi yao wakiwa wamekwisha kukamatwa. Wakati huo Bunge lilikuwa likijadili kuhamishia askari wa serikali kuu kwenye mpaka wa Texas. Smalls alitaka wasiondolewe South Carolina, akasoma barua ya shahidi aliyeona mauaji hayo. Mbunge mmoja wa chama pinzani cha Democrat akadai atajiwe aliyeiandika. Smalls akamjibu kwamba ikiwa analitaka jina hilo ili mweusi mwingine auawe, kwake hatalipata. Naliona jibu hilo kuwa sawa na alfajiri ya Planter. Safari hii hakuwa na king'ora wala kofia ya kujifichia.

Uchaguzi wa mwaka huo ulitawaliwa na vikundi vya wapanda farasi waliovaa mashati mekundu, wakivamia mikutano na kuwatisha wapiga kura. Smalls alirudi bungeni kwa tofauti ndogo, lakini jimbo lilichukuliwa na Democrat, na mwaka 1877 askari wa serikali kuu wakaondolewa. Mara moja akafunguliwa kesi: kwamba akiwa seneta wa jimbo alipokea hongo ya dola 5,000 katika zabuni ya uchapishaji. Rushwa katika kazi hizo za uchapishaji ilikuwepo, hilo halina ubishi. Lakini shahidi mkuu dhidi yake alikuwa mtu aliyekiri wizi wake mwenyewe na kuahidiwa asishtakiwe. Smalls alihukumiwa miaka mitatu. Alikataa kuachia kiti chake, akakata rufaa, na mwaka 1879 gavana akamsamehe katika mapatano yaliyofuta pia kesi za Democrat walioshtakiwa kuvuruga uchaguzi. Msamaha wa namna hiyo haumsafishi mtu. Kila alipogombea baada ya hapo, wapinzani walimwita mfungwa.

Alishindwa mwaka 1878. Mwaka 1880 alitangazwa kuwa ameshindwa tena na George Tillman, akapeleka ushahidi wa vitisho mbele ya Bunge, na Julai 1882 Bunge likampa kiti. Mwaka huo huo ndio wa masanduku manane. Pamoja na sheria hiyo, mipaka ya wilaya za uchaguzi ilichorwa upya ili weusi wengi iwezekanavyo wafungiwe katika wilaya moja iliyopindapinda, na kwingine kote wawe wachache. Smalls aliwakilisha wilaya hiyo tangu 1884, mwenzake wa chama aliyeiwakilisha kabla yake, Edmund Mackey, alipofariki. Mwaka 1886 aliomba pensheni kwa mjane wa Jenerali David Hunter, yule aliyetangaza uhuru wa watumwa wa pwani hiyo siku nne kabla ya Planter kutoroka, tangazo ambalo Lincoln alilifuta. Bunge likakubali, Rais Cleveland akakataa. Mwishoni mwa mwaka huo masanduku na wahesabu kura wakamtoa Smalls bungeni, na safari hii malalamiko yake hayakusikilizwa.

Alipewa kazi ya kusimamia forodha ya Beaufort, na kwa miaka mingi alikuwa ofisa mweusi wa serikali kuu katika mji ambao serikali yake ya jimbo ilitaka asionekane. Hannah alifariki mwaka 1883. Alioa tena, mkewe wa pili naye akafariki mwaka 1895.

Mwaka huo huo Ben Tillman, mdogo wake George, aliitisha mkutano wa kuandika katiba nyingine. Wala hakuficha nia: kuwaondoa weusi kwenye daftari la wapiga kura. Safari hii wajumbe weusi walikuwa sita tu, na Smalls mmoja wao. Katiba ilitaka mpiga kura aweze kusoma na kuandika kifungu chochote cha katiba, au awe na mali ya dola 300. Kwa muda kulikuwa na mlango wa kuelewa tu kifungu akisomewa, na aliyeamua nani ameelewa ni ofisa mzungu. Mtu aliyepigania shule mwaka 1868 alikuwa ameketi mle ndani, akitazama kusoma kukigeuzwa kizuizi.

Hakukaa kimya. Alisema watu wake hawahitaji kutetewa kwa upendeleo, wapewe tu nafasi sawa. Wajumbe walipotaka kupiga marufuku ndoa za weusi na wazungu, alipendekeza kwamba mzungu yeyote anayeishi kinyumba na mwanamke mweusi asishike cheo cha umma, na watoto wao wapewe jina lake na haki ya kumrithi. Ukumbi ulifadhaika. Mwana wa Lydia Polite alijua anachokisema. Mwishoni alikataa kuitia saini katiba hiyo, na alipoambiwa kwamba asiyetia saini hatalipwa posho, alisema afadhali atembee kwa miguu hadi Beaufort.

Mwaka 1900 Bunge lilikubali hatimaye kwamba Planter ilikadiriwa chini ya thamani yake, likaamua alipwe dola 5,000, zikitolewa zile 1,500 alizokwisha kupokea. Mwaka 1913 utawala wa Rais Wilson ulimwondoa kwenye forodha. Alifariki Februari 1915 nyumbani kwake Mtaa wa Prince, akiwa na miaka 75, akazikwa katika uwanja wa kanisa la Tabernacle Baptist. Wakati huo South Carolina haikuwa na mbunge mweusi hata mmoja huko Washington. Wa mwisho, George Murray, alikuwa ametoka mwaka 1897. Aliyemfuata, James Clyburn, aliapishwa Januari 1993.